Lafudhi ya Marekani Kinywani mwa Mgeni

Mwigizaji wa kigeni anayepewa uhusika wa Mmarekani huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kumwigiza mtu, na kuificha nchi aliyotoka. Kazi ya kwanza watazamaji huiona na kuisifu. Ya pili ikifanywa vizuri haionekani kabisa, na ikiharibika ndiyo peke yake inayoonekana. Silabi moja ikiteleza, mtazamaji wa Ohio au Georgia huacha kumfuata mhusika na kuanza kumchunguza mwigizaji. Ndiyo maana kampuni za filamu huajiri walimu wa lafudhi, na waigizaji kutoka London, Sydney au Nairobi hutumia wiki au hata miezi wakijifunza kitu ambacho mtoto wa miaka minne wa Chicago hukifanya bila kufikiri.

Lafudhi ya Marekani yenyewe ni jina la jumla mno. Mtu wa Boston hasemi kama wa Louisiana, wala wa Texas hasemi kama wa Minnesota. Katika usaili, mwigizaji akiombwa asome kwa lafudhi ya Marekani bila maelezo zaidi, huwa anatakiwa ile isiyoelekeza jimbo lolote, inayofanana na ya wasomaji wa taarifa za habari katika televisheni za kitaifa. Wengi huanzia hapo, kisha hupelekwa walipo wahusika wao: mtaa fulani, tabaka fulani, mwaka fulani.

Ulimi wa Kiswahili mbele ya sauti za Marekani

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Marekani kina irabu zipatazo 15, ukihesabu pamoja na zile zinazoanzia sauti moja na kuishia nyingine. Matokeo yake ni kwamba maneno ambayo Mmarekani huyatenga, mzungumzaji wa Kiswahili huyaweka kapu moja. "Bad", "bud" na "bird" yote huangukia kwenye a ile ile. "Ship" na "sheep" hugawana i moja. Kuzisikia tofauti hizi ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni kuufundisha ulimi mahali pa kukaa ambapo haujawahi kukaa.

Irabu inayosumbua kuliko zote ni ile dhaifu, ambayo Kiingereza huipachika karibu kila silabi isiyo na mkazo. Kiswahili kina haki katika jambo hili: kila silabi hutamkwa kamili, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hupendelea. Huipa silabi moja nguvu zote na kuzinyima zilizobaki. Neno "comfortable" linaonyesha hali hiyo vizuri. Aliyelisoma darasani Tanzania hulitamka ka-m-fo-te-bo, kila kipande kikisikika, mkazo ukiwa kwenye te. Mmarekani huweka mkazo mwanzoni, humeza irabu ya pili, na kulimaliza kwa silabi tatu: kamf-ta-bl. Mwigizaji anaweza kutamka kila konsonanti sawasawa, lakini akilipa neno hili haki zake zote za Kiswahili, tayari amejitaja anakotoka.

Kuna pia r. Ya Kiswahili hupigwa kwa ncha ya ulimi kwenye ufizi. Ya Marekani hutoka ulimi ukiwa umejikunja kwa nyuma au umejikusanya katikati ya kinywa, bila kugusa kitu, na rangi yake huiambukiza irabu iliyoitangulia. Lakini si kila kitu ni hasara. Mmarekani akitamka "water", t iliyo katikati hugeuka pigo moja jepesi la ulimi, lililo karibu kabisa na r ya Kiswahili. Mzungumzaji wa Kiswahili basi anayo sauti hiyo tangu utotoni. Anachohitaji ni kuitumia mahali ambapo macho yake yanaona t. Anayeitamka wara, kwa r nyepesi ya Kiswahili, amekaribia kuliko anayejitahidi kuitamka t kwa ufasaha wa darasani.

Mtu wa mwambao ana akiba nyingine tena. Th ya thamani na dh ya dhahabu zimo katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, na mtoto wa Bagamoyo, Saadani au Pangani aliyepita madrasa amezitamka kabla hajajua kusoma Kiingereza. Mwenzake wa bara mara nyingi huzigeuza s na z, kisha akifika kwenye Kiingereza huzigeuza vivyo hivyo, na huko kosa hilo huonekana haraka. Lahaja kadhaa za pwani zina pia p, t na k zenye mpumuo: wazee wa Unguja na Mombasa humtofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi inayofuata p, ingawa maandishi hayaonyeshi chochote. Kiingereza hutumia mpumuo huo huo mwanzoni mwa silabi yenye mkazo. Kwa hesabu ya sauti peke yake, mvuvi wa Mlingotini anaanza mbele ya mhitimu wa chuo kikuu aliyekulia bara.

Sauti peke yake, hata hivyo, hazimfikishi mbali. Lafudhi iko pia katika kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya sentensi, na katika mwendo: mahali pa kuharakisha, mahali pa kuburuza, mahali pa kukata. Wanaojifunza Kiingereza cha Marekani kwa kuiga filamu hushika kwanza kile kinachosikika puani, wakakizidisha. Dar es Salaam watu hucheka Kiingereza cha puani. Nairobi husemwa kwamba fulani anatweng. Kicheko hicho kina haki yake, kwa kuwa huwa kimenasa jambo ambalo mwalimu wa lafudhi angelisema kwa upole zaidi: mtu amechukua pambo na kuacha mwili.

Mmarekani aliyeondoka Bagamoyo

Mmarekani maarufu kuliko wote waliowahi kupita Bagamoyo hakuzaliwa Marekani. Henry Morton Stanley alifika Unguja Januari 1871 akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, akavuka hadi Bagamoyo mwezi uliofuata, na huko akakaa akikusanya wapagazi, vitambaa, shanga na nyaya za kulipia njia. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao mjini hapo mwaka 1868, walimkaribisha mezani. Tarehe 21 Machi 1871 kundi la mwisho la msafara wake liliondoka, askari wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, na bendera ya Marekani ikitangulia mbele. Kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, alikomkuta David Livingstone mwishoni mwa mwaka huo, kila aliyeuliza alijibiwa kwamba huyu ni Mmarekani.

Alikuwa Mwelshi. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, na utoto wake ulipita katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alifika New Orleans kwa meli, akachukua jina la mfanyabiashara wa huko, na kuanzia hapo akajijenga upya: askari wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mateka wa mapigano ya Shiloh mwaka 1862, kisha askari wa Kaskazini, baharia na mwandishi wa habari. Aliporudi Uingereza mwaka 1872 akiwa na sifa za kumpata Livingstone, magazeti yalifichua asili yake, naye akakanusha. Uraia wa Marekani aliupata kisheria mwaka 1885 tu, na miaka michache baadaye akarudia wa Uingereza.

Malkia Victoria alikutana naye Septemba 1872, na katika maandishi yake ya siku hiyo alitaja vitu viwili: sura, ambayo hakuipenda, na lafudhi nzito ya Kimarekani. Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu wa waigizaji analijua. Lafudhi hupimwa na sikio la anayesikiliza, na malkia hakuwa hakimu mgumu. Kwa Mwingereza wa tabaka la juu, miaka 13 ya kuishi kati ya mabaharia, wanajeshi na wahariri wa Marekani ilitosha kabisa kumfanya mtu awe Mmarekani. Hakimu mgumu ni yule aliyezaliwa ndani ya lafudhi yenyewe.

Hollywood ilipotengeneza filamu ya "Stanley and Livingstone" mwaka 1939, uhusika wa Stanley ulipewa Spencer Tracy, mzaliwa wa Milwaukee, aliyezungumza kama alivyozungumza siku zote. Mmarekani akamwigiza Mwelshi aliyejifanya Mmarekani, na hapakuwa na haja ya mwalimu.

Wasanii wa pwani mjini Berlin

Kabla ya waigizaji wa Afrika Mashariki kufika Marekani, wachache walifika Ujerumani, na huko biashara ya lafudhi ilianza kwa upande wa pili: Waswahili ndio waliokuwa walimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika seminari ya lugha za mashariki, ambako maofisa na wafanyabiashara walitayarishwa kabla ya kupanda meli kuja koloni. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu "Desturi za Wasuaheli" kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Kazi yake darasani ilikuwa ile ile ya mwalimu wa lafudhi wa leo: kutamka, kusikiliza Mjerumani akitamka, na kumrudisha.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe akalitumikia jeshi hilo akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai malipo ya jeshi, yake na ya baba yake. Hakulipwa. Alibaki, akahudumu mezani, akafundisha Kiswahili, na kuanzia miaka ya 1930 akaonekana katika filamu zaidi ya 20. Ya mwisho ilikuwa "Carl Peters" ya mwaka 1941, kuhusu mtu yule aliyevuka kutoka Unguja hadi Saadani mwaka 1884 na kuingia Usagara na Uzigua na mikataba ya kuwapora machifu ardhi. Husen aliigiza Ramasan, mtumishi na mwongoza njia wa Peters. Filamu ilipigwa Ulaya wakati wa vita; mateka weusi wa jeshi la Ufaransa waliletwa kujaza nafasi za Waafrika, na tofauti kati ya Msenegali na Mswahili wa Mrima haikumshughulisha mtu. Mwaka huo huo Husen alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kushtakiwa mahakamani, na akafia humo Novemba 1944.

Kisa chake ni cha kusikitisha kuliko vyote katika sura hii, na kinafafanua desturi iliyodumu muda mrefu katika sinema za Ulaya na Marekani. Mwafrika alitakiwa aonekane. Namna alivyosema ilikuwa jambo dogo.

Usiku mmoja wa Oscar

Tarehe 2 Machi 2014 waigizaji wawili wenye asili ya Afrika Mashariki walikaa katika ukumbi mmoja mjini Los Angeles wakingojea matokeo. Lupita Nyong'o alikuwa ameigiza Mmarekani. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyefika Minneapolis akiwa na miaka 14, alikuwa ameigiza haramia wa Kisomali katika "Captain Phillips". Mmoja aliondoa Nairobi kinywani mwake ili apate kazi; mwingine aliiweka kando Minnesota ili aipate. Nyong'o ndiye aliyeondoka na tuzo.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, akakulia Nairobi, na mwaka 2012 akahitimu shahada ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Amesimulia hadharani kwamba akiwa huko alijilazimisha kuzungumza Kimarekani darasani na nje ya darasa, kwa kuwa alijua asiyeiweza lafudhi hiyo hapati kazi. Mara tu baada ya masomo alipata uhusika wa Patsey katika "12 Years a Slave", filamu iliyotoka mwaka 2013 kuhusu Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana. Wakati filamu inatangazwa duniani aliamua kuwa mahojiano atayafanya kwa lafudhi yake ya Kenya. Kurudi, anasema, hakukuwa rahisi kama kuondoka: baada ya miaka ya kujizoesha, sauti ya zamani haikumjia yenyewe.

Patsey ni mfano mgumu hata kwa mwigizaji mzoefu. Mtambo wa kwanza wa kunasa sauti na kuirudisha isikike ulitengenezwa mwaka 1877, robo karne baada ya matukio ya filamu, kwa hiyo hakuna sauti ya mtumwa wa Louisiana wa wakati huo inayoweza kusikilizwa. Kilicho karibu zaidi ni rekodi za wazee waliokuwa watumwa utotoni, zilizochukuliwa hasa miaka ya 1930 na 1940 na kuhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Lafudhi ya Patsey basi ni ya kujengwa, si ya kunakiliwa. Na ukiitazama orodha ya waigizaji, wageni wamejaa: Chiwetel Ejiofor na Benedict Cumberbatch wa London, Michael Fassbender aliyekulia Ireland, na mwongozaji Steve McQueen, naye wa London. Filamu iliyosifiwa kuwa kioo cha historia ya Marekani ilisemwa kwa sehemu kubwa na vinywa vya ng'ambo.

Mwaka 2019, katika "Us" ya Jordan Peele, Nyong'o aliigiza watu wawili katika filamu moja: mama wa familia ya Kimarekani, na kivuli chake chenye sauti iliyokwaruzika. Sauti hiyo ya pili aliitoa katika ugonjwa halisi wa misuli ya koo, na watu wanaoishi na ugonjwa huo walipolalamika kuwa umefanywa kitisho cha sinema, aliomba radhi. Mwaka 2024 aliigiza Mmarekani tena katika "A Quiet Place: Day One", ambamo anayetoa sauti anauawa. Baada ya miaka yote ile ya mazoezi ya lafudhi, huenda hiyo ilikuwa pumziko.

Daniel Kaluuya amepita njia nyingine. Alizaliwa London mwaka 1989, wazazi wake wakiwa Waganda, na mwaka 2017 akaongoza waigizaji wa "Get Out" kama Chris, kijana mpiga picha wa New York. Mwigizaji Samuel L. Jackson aliuliza redioni kama Mmarekani mweusi, aliyeyaishi mambo ya rangi ya nchi ile, asingeufanya uhusika ule kwa namna nyingine. Kaluuya alijibu kwamba amechoka kutakiwa athibitishe weusi wake. Mabishano yale yaliitwa ya lafudhi na uraia, lakini kiini chake kilikuwa ajira: nafasi kubwa za watu weusi Hollywood ni chache, na waliofundwa katika shule za London na Yale wanazipata.

Jibu lake la kazi lilikuja na "Judas and the Black Messiah", alikomwigiza Fred Hampton, kiongozi wa chama cha Black Panther wa Illinois aliyeuawa na polisi Desemba 1969 akiwa na miaka 21. Hampton alikulia Maywood, pembeni mwa Chicago, lakini wazazi wake walitoka Louisiana, kama mamia ya maelfu ya watu weusi waliohamia kaskazini katika karne ya 20. Lafudhi yake basi ilikuwa ya Chicago yenye Kusini ndani yake, tena yenye mapigo ya mhubiri wa kanisani. Kinyume cha Patsey, sauti yake imehifadhiwa katika filamu na rekodi, na wapo watu waliomsikia kwa masikio yao. Kosa lisingekuwa na pa kujificha. Aprili 2021 Kaluuya alipewa Oscar kwa uhusika huo.

Wako pia ambao Umarekani si wa kujifunza. Edi Gathegi alizaliwa Nairobi mwaka 1979 akakulia California. Akiigiza Mmarekani, kama Mr. Terrific katika "Superman" ya mwaka 2025, anatumia kinywa chake mwenyewe. Alipoingia katika msimu wa nne wa tamthilia ya "House", mzaliwa huyo wa Nairobi alizungumza Kimarekani cha kawaida mbele ya Hugh Laurie, Mwingereza aliyekuwa akiigiza daktari wa New Jersey. Mwenye lafudhi ya bandia alikuwa yule ambaye watazamaji walidhani ni mwenyeji.

Kazi ya mwalimu wa lafudhi

Mwalimu huanza kwa kusikiliza, tena si mwigizaji, bali watu halisi wa mahali anapotoka mhusika. Hifadhi ya kimataifa ya lafudhi za Kiingereza iliyoanzishwa na Paul Meier ina rekodi za watu wa kawaida kutoka duniani kote, wakisoma kifungu kimoja kisha wakisimulia maisha yao. Kusikia wote wakisoma maneno yale yale hurahisisha kulinganisha. Kuwasikia wakisimulia huonyesha mwendo na kiimbo, ambavyo hupotea mtu anaposoma.

Baada ya hapo skripti hutiwa alama. Wengine hutumia alama za kimataifa za fonetiki, wengine rangi na mishale yao wenyewe: hapa irabu hufa, hapa r huvuta, hapa sauti hushuka. Kisha huja mkao wa kinywa. Kila lugha ina namna yake ya kuuweka utaya, midomo na ulimi hata msemaji akiwa amenyamaza, na mwigizaji akiupata mkao huo, sauti nyingi hujipanga zenyewe bila kukumbukwa moja moja. Asiyeupata hubaki akiwinda makosa, na macho yake huonyesha kuwa anawinda.

Majaribio makubwa ni hasira, kilio na kukimbia. Pumzi ikikatika, kinywa hurudi kwao. Kwa sababu hiyo mistari ya matukio hayo hurudiwa mtu akiruka, akibeba mzigo, akipiga kelele, mpaka lafudhi ikae mwilini. Waigizaji wengine hawaiachi tangu asubuhi hadi kamera inapozimwa, wakiagiza hata chai kwa sauti ya mhusika. Kinachoponyoka pamoja na hayo yote hurekebishwa baadaye studioni, mwigizaji akitazama picha na kurekodi upya neno lililoharibika. Siku hizi mashine nazo zimeingia. Januari 2025 mhariri wa "The Brutalist" alieleza kwamba programu ya akili mnemba ilitumika kusahihisha baadhi ya sauti za Kihungaria za Adrien Brody na Felicity Jones. Palizuka makelele, lakini Brody alipata Oscar yake miezi miwili baadaye.

Mtihani usiolingana

Anayekwenda upande wa pili, kutoka Marekani kuja Afrika, hupewa mtihani mwepesi zaidi. Katika "Out of Africa", iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 1985, Meryl Streep alisikiliza rekodi za Karen Blixen, aliyemwigiza, ili aupate Udenmaki wake. Robert Redford, aliyemwigiza Mwingereza Denys Finch Hatton, alibaki na Umarekani wake, kwa kuwa mwongozaji Sydney Pollack aliona lafudhi ya Kiingereza ingewasumbua watazamaji waliomzoea. Mhusika Farah, Msomali, aliigizwa na Malick Bowens wa Mali. Wakosoaji walimjadili Redford kwa miaka. Juu ya Usomali wa Farah walikaa kimya.

Forest Whitaker alijitofautisha. Kwa ajili ya "The Last King of Scotland" ya mwaka 2006 alikaa Uganda, akajifunza Kiswahili na kupiga kodiani, akazungumza na watu waliomjua Idi Amin, aliyemwigiza, na akatengeneza Kiingereza kinachosikika kuwa cha askari wa zamani wa King's African Rifles badala ya kile cha Mwafrika wa jumla ambacho Hollywood ilikuwa imekizoea. Alishinda Oscar. "Black Panther" ya mwaka 2018 nayo ilijitahidi, kwa namna yake. Chadwick Boseman alikataa wazo kwamba mfalme aliyemwigiza, wa nchi ya kubuni ya Wakanda, aseme Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, na Beth McGuire, mwalimu wa Yale, akawapanga waigizaji wa Marekani, Guyana, Kenya, Zimbabwe na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, juu ya msingi wa Kixhosa, lugha ya mwigizaji mwenzao John Kani wa Afrika Kusini. Nchi yenyewe imechorwa kwenye ramani ya Afrika Mashariki. Mtazamaji wa Mombasa alisikia Afrika Kusini kutoka mahali panapopakana na Turkana, na akasamehe.

Lafudhi nyumbani

Bagamoyo ndipo penye shule kongwe ya serikali ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma na maigizo kuvunjwa, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Wanafunzi hutoka mikoa yote, na ngoma, muziki na maigizo hufundishwa chini ya minazi karibu na bahari. Nafasi ya Mmarekani ni adimu kwa mhitimu wake. "Bongoland" ya Josiah Kibira, ya mwaka 2003, ilipigwa Minneapolis, lakini wahusika wake wakuu ni Watanzania wanaohangaika huko, na lafudhi yao ya nyumbani ni sehemu ya hadithi. "Maangamizi", filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar, ilimleta BarbaraO kutoka Marekani aigize daktari aliyesomea Marekani. Amandina Lihamba, mbele yake, aliigiza mgonjwa aliyekaa miaka mingi bila kusema neno.

Lafudhi inayomngoja mhitimu wa Bagamoyo ni ya Kiswahili chenyewe. Tamthilia ya "Siri ya Mtungi", iliyoanza kurushwa mwaka 2012, inatokea Bagamoyo, kwenye studio ya mpiga picha na nyumba za mji mkongwe. "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, inatokea Unguja ya miaka ya 1950, ambako Kiswahili cha Mhindi wa mjini, cha Mwarabu na cha mkuli wa bandarini hakikuwa kimoja. Kijana wa Mwanza anayepewa mvuvi wa Saadani ana kazi ile ile aliyokuwa nayo Kaluuya mbele ya Hampton, bila mwalimu wa kulipwa na bila hifadhi ya rekodi. Itambidi ashinde pwani ngalawa zinaporudi, asikilize dh na gh, ajifunze kuzitenganisha r na l kama kwao zimechanganyika, aone wapi sentensi inavutwa na wapi inakatwa kwa utani. Watazamaji wa Bagamoyo, tofauti na Malkia Victoria, wamezaliwa ndani ya lafudhi hiyo.